Kutuma habari ya ajali si kosa: kifungu cha 360 kiandikwe upya

Mu makundi yetu ya WhatsApp, sisi wafanyakazi wa mine, kuna neno moja lenye linarudi kila siku: "Futa ile." Mutu anatuma picha ya kamyo yenye kuanguka ku njia ya Kolwezi, dakika mbili nyuma mwingine anamujibu: "Yaya, futa ile, watakukamata." Mama moja anauliza kama ni kweli post ya usiku imepata shida, anaambiwa: "Mama, futa, humu ndani kuna macho." Na wengi wanafuta. Wengine wameacha hata kuandika. Wanasoma tu, wananyamaza.

Woga huo una jina. Watu wanauita "trois cent soixante". Ni kifungu cha 360 cha Code du numérique, sheria yenye Rais wa Jamhuri alitia mukono tarehe 13 Machi 2023. Watu wanakitaja sawa vile wanataja ugonjwa, lakini wachache njo wamekisoma. Mimi niko mutu wa sendika, si avoka. Lakini nimekisoma, na ninaomba tukizungumuze hapa kwa Kiswahili, polepole, juu kinagusa mukate wetu na uhai wetu.

Sheria inasema nini

Kifungu chenyewe ni kifupi. Kinasema ya kama mutu yeyote mwenye kuanzisha ao kutuma tena habari ya uongo juu ya mutu mwingine, kwa njia ya mitandao, ya ordinatere ao ya chombo kingine cha elektroniki, atafungwa tangu mwezi moja mpaka miezi sita, na atalipa tangu franga 500.000 mpaka 1.000.000, ao atapata moja ya azabu hizo mbili.

Soma tena maneno mawili: kuanzisha, na kutuma tena. Si paka yule mwenye alitunga bongo njo anaguswa. Hata wewe mwenye ulipokea sauti saa ine ya usiku, ukaisukuma mu kundi la familia juu ulikuwa na wasiwasi, na wewe uko ndani.

Sasa tafuta neno la tatu, lenye halimo. Ni neno "akijua". Code pénal yetu, mu kifungu cha 199bis, inaazibu mutu mwenye kueneza "faux bruits", ni kusema uvumi wa uongo wenye kutisha watu ao kuwachochea juu ya utawala. Ile nayo ni sheria kali, inaweza kupeleka mutu buloko mpaka miaka tatu. Lakini yenyewe inasema wazi: "sciemment". Maana yake, mutu akijua ya kama anachosema ni bongo. Sheria ile ya zamani, pamoja na ukali wake wote, iliona tofauti kati ya muongo na mutu mwenye alidanganyika. Kifungu cha 360 hakiandike tofauti ile.

Avoka atanijibu: "Ndugu, kifungu kinasema habari juu ya mutu. Hakisemi habari juu ya ajali." Ni kweli. Lakini mu mine, ni ajali gani yenye haina mutu nyuma yake? Ukisema ukuta wa shimo ulikuwa na mipasuko tangu wiki jana, unamusema shefu mwenye kazi yake ni kuuangalia. Ukisema ambulance ilichelewa, unamusema daktari wa site. Ukisema kamyo haikuwa na frein, unamusema mwenye alitia signature ya kuitoa mu garage. Huku kwetu hakuna habari ya usalama yenye haigusi jina la mutu. Kwa hiyo yale maneno "juu ya mutu" hayatulinde sisi. Yanamulinda yeye.

Hesabu ya siku ya kwanza

Tukumbuke 27 Juni 2019. Siku ile, huku Kolwezi, udongo uliangukia wachimbaji wa mikono mu carrière ya kampuni KCC. Kwanza, viongozi wa jimbo walitangaza wafu 36. Kesho yake hesabu ikafika 43. Hakuna mutu aliamuka kusema ya kama viongozi ni waongo. Wote tulielewa: mu ajali, hesabu ya saa ya kwanza si hesabu ya siku ya pili. Udongo haufunguke kwa saa moja. Kuna maiti zenye familia zinachukua mbele ya mutu yeyote kuzihesabu.

Sasa tuseme sheria hii ilikuwa tayari, na mutu moja wa pale, mwenye mikono yake ilikuwa mu udongo, aliandika jioni ile ya kwanza: "Wafu wanapita 40, na walinzi walijua watu wako mule ndani." Kwa hesabu, angekuwa amesema kweli mbele ya wakubwa. Lakini kwa saa ile, karatasi ya Leta ilikuwa inasema 36. Kwa macho ya parquet, nani muongo? Na angejitetea na nini, kama sheria haiulize alijua nini na alisema kwa nia gani?

Ni pale njo ninaona hatari. Leta inapewa muda wa kukosea na kurekebisha hesabu. Kampuni inapewa muda wa kuandika communiqué yake polepole, na avoka pembeni. Mufanyakazi peke yake njo anaombwa aseme kweli kamili mara ya kwanza, ao anyamaze. Na mufanyakazi akinyamaza, bibi yake mwenye kusimama ku mulango na watoto anapata habari wapi? Mama mwenye bwana yake hakurudi asubuhi hawezi kungojea communiqué ya siku tatu.

Sheria yenye kufanya kazi bila zuzi

Kuna watu wanasema: "Lakini ni wangapi wamefungwa kwa kifungu hiki huku kwetu? Munapiga kelele bure." Hawa hawajaelewa namna sheria sawa hii inatumika. Haihitaji kufika tribinali. Inatosha ijulikane ya kama iko.

Mu kampuni moja yenye sitataja jina, ndugu moja wa chama chetu alituma sauti mu kundi la ekipe yake. Alisema cartouche za maske za vumbi zimekwisha tangu wiki mbili, na watu wanafunga vitambaa ku pua. Waliitwa ku biro ya personnel, yeye na delege wake. Hakuna mwenye aliuliza kama maske ziko ao haziko. Swali lilikuwa: "Nani alikupa ruhusa ya kusema?" Ku meza palikuwa karatasi, kifungu cha 360, na alama ya kalamu nyekundu chini ya "miezi sita". Alifuta ile sauti pale pale mbele yao. Kontra yake ilipofika mwisho, haikuandikwa tena. Hakuna zuzi alisikia kesi ile. Hakuna avoka alilipwa. Na mu ekipe ile, mpaka leo, hakuna mutu anasema neno juu ya vumbi.

Tuhesabu basi njia mbili za kufunga kinywa cha mufanyakazi: buloko, na kosa zito lenye wanaita "faute lourde", lenye kukutoa ku kazi bila préavis. Zote mbili zinakula mu sahani moja. Shefu mwenye anataka kukutoa anaonyesha sheria ya Leta ili uogope. Na ukisha kuogopa, kampuni haina tena haja ya kukujibu juu ya maske.

Hoja ya vita, hoja ya chuki

Sasa nisikilize na wale wa upande mwingine, juu kati yao kuna watu wa heshima, na wengine ni wazee wangu mu sendika. Wananiambia: "Inchi iko mu vita. Goma iliingia mu mikono ya M23 mwisho wa Januari 2025, Bukavu mu Februari. Adui anatumia telefone sawa bunduki. Uhuru gani unaongea?" Na wazee wanaongeza kitu kingine chenye kuuma zaidi. Wananikumbusha 1992 na 1993 huku Katanga, wakati maneno ya chuki juu ya ndugu zetu wa Kasaï yalifukuza maelfu na maelfu ya watu. Familia zenye zilizaliwa huku, za wafanyakazi wa Gécamines na za watu wa reli, zililala ku gare za Likasi na Kolwezi zikingojea treni. Wengi walikufa pale ao mu njia. "Maneno yanaua," wazee wanasema. "Na wewe unataka tuache kila mutu aseme?"

Hoja hii haichekwe. Mwenye alizikwa mu gare hakuuawa na uvumi wa hewa, aliuawa na maneno yenye yaligeuka fimbo na moto. Lakini tuangalie vizuri ile historia inatufundisha nini. Mu 1992 hapakuwa WhatsApp. Hakuna muchimbaji alisukuma sauti usiku. Maneno yalitoka juu, mu mikutano ya hazara, kwa vinywa vya watu wenye walikuwa na cheo. Na sheria ya kuazibu ukabila na ubaguzi ilikuwako tayari: iliandikwa tarehe 7 Juni 1966. Kwa hiyo shida haikuwa kukosa sheria. Shida ilikuwa ya kama wenye kupaswa kuisimamisha wengine walikuwa njo wanasema, na wengine walinyamaza.

Sheria ile ya 1966 ingali iko. Mutu mwenye anaandika mu kundi letu ya kama kabila fulani litoke Lualaba, ao ya kama mutu wa sura fulani ni adui, ashitakiwe kwa sheria ile, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema ni haki. Mwenye kuuzisha siri za jeshi, sheria ya usaliti iko mu Code pénal. Mwenye kuchafua jina la mutu kwa ubaya na mbele ya watu, kifungu cha 74 cha Code pénal kiko. Mwenye kueneza uvumi akijua ni bongo ili kutisha watu, 199bis iko. Basi kifungu cha 360 kinaongeza nani mwenye hakuguswa bado? Kinaongeza mutu moja tu: yule mwenye alikosea bila kujua, ao mwenye alisema kweli mbele ya Leta kuikubali. Huyu si adui wa inchi.

Na tuwe waangalifu na neno "vita". Mu Januari 2025, Waziri wa Haki wa wakati ule, Constant Mutamba, alitangaza ku mutandao ya kama wenye kupitisha habari za kazi za jeshi la Rwanda na wasaidizi wake, wakiwa wanasiasa, waandishi, watu wa société civile ao watu wa kanisa, watapata ukali wa sheria, mpaka azabu ya kifo. Alisema hivyo wakati Serikali ilikuwa imekwisha kutoa, mu Machi 2024, ile amri ya zamani yenye ilikuwa inasimamisha kuuawa kwa wenye kuhukumiwa kifo. Sasa fikiri mutu wa Goma mwenye anaandikia kaka yake wa Lubumbashi: "Wamefika Sake, tunakimbia na watoto." Anamusaidia adui, ao anaokoa familia? Mpaka kati ya hizo mbili, nani ataukata, na kwa haraka gani?

Tena hatua zenye kuingia kwa jina la usalama, kutoka ni shida. État de siège ilianza mu Ituri na Nord-Kivu tarehe 6 Mei 2021 kwa siku 30. Iliongezwa, ikaongezwa tena, miaka na miaka, na raia wa kule wakajikuta mbele ya tribinali za kijeshi. Sisi wa kusini tuangalie ya wenzetu.

Kisu kinabadilisha mikono

Wengine wanafurahia sheria kali juu leo wako karibu na wenye kushika kisu. Hawa ninawaonyesha jina moja. Jean-Marc Kabund alikuwa mukubwa wa muda wa UDPS, chama cha Rais, na makamu wa kwanza wa président wa Bunge. Alipotoka mu utawala, alianza kuusema vikali. Mu Septemba 2023 Cour de cassation ilimuhukumu miaka saba. Kati ya makosa yake: kumutukana Rais, na kueneza faux bruits. Chama kile kile, miaka mingi mbele yake, watu wake walikuwa wanafungwa juu ya maneno. Kama wangefuta zile sheria wakati walipata nguvu, Kabund asingezikuta njiani. Mwenye kunoa kisu leo hajue kesho nani ataushika mpini.

Jina la pili ni la mwandishi, Stanis Bujakera. Alikamatwa tarehe 8 Septemba 2023 ku kiwanja cha ndege cha N'djili, juu ya makala ya Jeune Afrique kuhusu kifo cha Chérubin Okende, makala yenye hata haikuwa na signature yake. Kati ya sheria zenye zilitumiwa kumushitaki ilikuwa hii Code du numérique. Tarehe 18 Machi 2024 alihukumiwa miezi sita na franga milioni moja, na kesho yake akatoka, juu miezi ile alikuwa amekwisha kuimaliza ndani. Yeye alikuwa na gazeti kubwa nyuma yake, na mashirika ya dunia yenye kusema jina lake kila wiki. Wewe mwenye kuendesha mashini Fungurume, ao kubeba magunia Kawama, nani atasema jina lako?

Na tusisahau ya kama Leta haifunge paka mutu, inajua kufunga mutandao wote. Intaneti ilikatwa mu Januari 2015 wakati watu waliandamana juu ya sheria ya uchaguzi. Mitandao ilizuiwa mu Desemba 2016. Tena ikakatwa mwisho wa 2017. Na tarehe 31 Desemba 2018, nyuma ya uchaguzi, ilikatwa karibu siku 20. Kila mara sababu ilikuwa moja: usalama, kuzuia habari za uongo. Lakini intaneti ikikatwa, uvumi haukufe. Unaongezeka, juu hakuna tena mwenye anaweza kuujibu. Dawa ya uvumi ni habari, si giza.

Babu zetu na 1941

Watu wa mine wanaijua hadisi hii mbele ya telefone. Mu Desemba 1941, huku Élisabethville, wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Waliomba mushahara, juu bei ya vitu ilikuwa imepanda. Wakati ule pia ilikuwa vita ya dunia, na shaba ya Katanga ilitakiwa kwa ajili ya vita. Ombi la mushahara likajibiwa sawa vile ni shida ya usalama. Tarehe 9 Desemba, askari walipiga risasi watu wenye walikusanyika ku kiwanja cha mupira. Léonard Mpoyi, mwenye alikuwa anasema kwa jina la wenzake, alikuwa kati ya wafu. Mufanyakazi mweusi hakuwa na haki ya sendika. Ruhusa ya kwanza ilikuja mu 1946, na ilikuwa na kamba nyingi.

Leo tuko na Katiba ya 18 Februari 2006. Kifungu cha 23 kinatupa uhuru wa kusema. Cha 24, haki ya kupata habari. Cha 38, sendika. Cha 39, mugomo. Haki hizi zinashikana. Sendika bila uhuru wa kusema ni nini? Ni sanduku la cotisation. Mugomo unaanza wapi, kama mutu haweze kumuambia mwenzake: "Na kwenu pia maske zimekwisha?"

Tena kuna kifungu cha 142, chenye watu hawakijui. Kinaamuru Serikali ieneze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya luga ine za taifa, mu siku 60 tangu kutiwa mukono. Kiswahili ni moja ya zile ine. Ninauliza basi: nani kati yenu alikwisha kuona Code du numérique kwa Kiswahili, ku commune, ku cité ya kampuni, ku radio? Unaniazibu kwa sheria, nionyeshe kwanza imeandikwa nini.

Na sisi wenyewe?

Kudai uhuru si kusema kila kitu chenye kinapita mu kichwa. Kundi lenye limejaa matusi linasaidia wenye wanataka kulifunga. Kwa hiyo, wandugu, haya njo ninawaambia delege wote wa chama chetu.

Tofautisha "nimeona" na "nimesikia". Kama hukuwa pale, sema haukuwa pale. Andika mahali, saa, na post gani. Habari yenye haina mahali wala saa, usiisukume. Hesabu ya wafu, sema "mpaka sasa". Jina la marehemu, familia ilijue kwanza. Picha ya maiti, usitume hata kidogo, juu yule ni bwana wa mutu na baba wa mutu. Ukipata ya kama habari haikuwa kweli, rudi mu kundi lile lile uiseme. Bishaneni juu ya mambo, si juu ya kabila la mwenye kusema. Na mwenye kuleta kabila, administrateur wa kundi amutoe mbele ya polisi kufika.

Na kama wanakuita, jua kifungu cha 18 cha Katiba. Lazima wakuambie mara moja sababu ya kukukamata, na kwa luga yenye unasikia. Uko na haki ya kujulisha familia yako ao avoka wako. Mikononi mwa polisi huwezi kuzuiliwa kupita saa 48; nyuma yake wakuachilie, ao wakupeleke mbele ya mwenye haki. Mama wa nyumba wajue hii pia, juu wao njo wanakimbiaka ku polisi wa kwanza, na mutoto ku mugongo.

Tunaomba nini

Tunaomba mambo matatu, na hayana gharama kubwa.

Kwa wadepite wetu wa Lualaba na Haut-Katanga: kifungu cha 360 kiandikwe upya. Neno "akijua" litiwe ndani, pamoja na nia ya kuumiza. Azabu ya buloko itolewe. Mwenye alichafuliwa jina arekebishiwe na alipwe mbele ya zuzi wa civil. Na mutu mwenye kutoa habari ya hatari ku kazi, kwa nia safi, asiguswe hata kama alikosea hesabu. Munakujaka kuomba kura zetu mu cité zetu. Mukuje na hii pia.

Kwa makampuni: nyuma ya ajali, toa habari ya kwanza mu saa chache, kwa Kiswahili, mbele ya delege wa sendika. Useme chenye unajua na chenye ungali unatafuta. Mutaona ya kama uvumi utapunguka kuliko kwa barua kumi za vitisho. Na karatasi ya kifungu cha 360 itoke ku meza za biro za personnel. Ile ni kazi ya zuzi.

Kwa sisi wa sendika: kila chama kiwe na avoka moja mwenye anajua sheria hii, na namba yake ikae ku kila vestiaire. Tutafute namna ya kusomesha Code du numérique kwa Kiswahili, hata kama ni kurasa mbili za photocopie. Mutu haogope sana kitu chenye amekisoma.

Kesho, ku post ya asubuhi, kuna mutu ataona mupasuko mu ukuta ao waya wazi mu maji. Atatoa telefone yake mu mufuko. Sheria ya inchi imusukume kuandika haraka, juu wenzake wako chini.